Picha za Hospitalini: Jinsi Zinavyopigwa na Jinsi Zinavyotibu

Hapa Kigali mtu akipigwa picha hospitalini, watu wa nyumbani husema kwamba amepitishwa katika chuma. Akirudi, swali la kwanza aulizwalo ni hili: "Je, chuma kimesema nini?" Mimi kazi yangu ni kupiga picha hizo, na swali hilo nimelisikia mara nyingi sana. Nataka kulijibu katika somo hili. Chuma hakisemi neno. Chuma huonyesha vivuli tu, na kivuli hakimponyi mtu mpaka apatikane wa kukisoma, na baada yake wa kutenda.

Tutaangalia kwanza namna nne za picha, kisha tutaona jinsi daktari awezavyo kutibu akiongozwa na picha, na mwisho nitasema machache juu ya haja ya nchi yetu. Mtakuta kwamba mengi yatokana na masomo ya Fizikia na Hesabu mnayofundishwa sasa.

1. Eksirei

Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akipitisha umeme katika chupa iliyotolewa hewa. Chupa aliifunika kwa karatasi nyeusi nzito, na chumba kilikuwa na giza. Hata hivyo aliona ubao mdogo uliopakwa chumvi ya bariamu, uliokuwa mbali kidogo, ukitoa nuru. Basi akatambua kwamba kuna miale isiyoonekana inayopenya karatasi ile. Kwa kuwa hakuijua asili yake, aliiita miale ya X, kama ninyi mnavyoandika X katika aljebra mahali pa namba msiyoijua. Tarehe 22 Desemba alipiga picha ya mkono wa mke wake, na mifupa ya vidole ikaonekana pamoja na pete. Mwaka wa 1901 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, iliyokuwa ya kwanza kutolewa. Uvumbuzi wake hakujiwekea haki ya kuuuza peke yake. Aliuacha uwe wa watu wote.

Mashine ya leo yafuata njia ile ile. Ndani ya chupa isiyo na hewa mna uzi mwembamba wa madini unaotiwa moto kwa umeme, nao hutoa elektroni. Elektroni hizo huvutwa kwa nguvu nyingi za umeme, zikaenda mbio na kugonga kipande cha tungsteni. Katika sehemu 100 za nguvu iliyotumika, karibu 99 hugeuka joto, na 1 tu ndiyo inayokuwa miale. Ndiyo maana hutumika tungsteni, kwa kuwa haiyeyuki mpaka joto lifike karibu digrii 3,400 za Selsiasi.

Miale ikipita mwilini, kila kitu huizuia kwa kadiri yake. Nyama na maji vina atomu nyepesi: haidrojeni namba 1, kaboni namba 6, oksijeni namba 8. Mfupa una kalsiamu, namba 20, nao huzuia miale mingi zaidi. Kwa hiyo mfupa huonekana mweupe, na hewa ya mapafu huonekana nyeusi. Mapafu yakiingiwa na nimonia au kifua kikuu, pale palipokuwa na hewa hujaa maji au usaha, na doa jeupe hutokea.

Lakini picha hii ina upungufu. Watu wawili wakisimama mmoja nyuma ya mwingine mbele ya taa, ukutani utaona kivuli kimoja, wala hutajua nani yu mbele. Vivyo hivyo moyo, mbavu na uti wa mgongo hulala juu ya kivuli kimoja. Uvimbe mdogo waweza kujificha nyuma ya moyo, na asiye na mafunzo akasema kwamba kifua ni kizima.

2. Ultrasaundi

Namna ya pili haina miale kabisa, hutumia sauti. Sikio la mwanadamu halisikii mitetemo inayozidi 20,000 kwa sekunde. Mashine ya ultrasaundi hutoa mitetemo milioni 2 na zaidi kwa sekunde. Sauti hiyo huingia mwilini, ikikutana na kitu hurudi kama mwangwi, nayo mashine huhesabu muda iliochukua. Popo huruka usiku kwa njia ya namna hii. Aliyeifanya ijulikane sana kwa akina mama wajawazito ni Daktari Ian Donald wa Glasgow, Uskochi, pamoja na wenzake, walipotoa habari zake mwaka wa 1958.

Hebu tufanye hesabu. Katika nyama za mwili sauti huenda mita 1,540 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 130 za milioni ya sekunde, sauti imekwenda mita 0.2, yaani sentimeta 20. Walakini imekwenda na kurudi. Basi kitu chenyewe ki umbali wa sentimeta 10 chini ya ngozi. Mashine hufanya hesabu hiyo mara nyingi mno, na kutokana nayo huchora picha inayotembea. Moyo wa mtoto tumboni huonekana ukipiga.

Ultrasaundi ni nyepesi, haina bei kubwa kama nyingine, nayo yafaa katika hospitali za wilaya. Hata hivyo haipiti vizuri katika hewa wala katika mfupa. Ndiyo sababu tunampaka mgonjwa ute baridi juu ya ngozi: tunataka kuondoa hewa iliyo kati ya kifaa na mwili. Tena picha yake yategemea mkono wa anayeishika. Watu wawili wakimpima mgonjwa mmoja, mwenye ujuzi ataona jiwe la nyongo, na mwingine ataliruka.

3. Siti skani

Ile shida ya vivuli kulaliana iliondolewa kwa hesabu, na mmoja wa walioifanya hesabu hiyo alitoka Afrika. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg. Mwaka wa 1956, alipokuwa mwalimu wa Fizikia mjini Cape Town, alipewa kazi ya kuangalia mambo ya miale katika Hospitali ya Groote Schuur. Alijiuliza: nikipitisha miale katika mwili kutoka pande nyingi, je, siwezi kujua kwa hesabu kilichomo katika kila mahali? Alitoa majibu yake mwaka wa 1963 na 1964, na watu wachache tu waliyajali. Baadaye Mwingereza Godfrey Hounsfield, bila kuijua kazi ya Cormack, alitengeneza mashine yenyewe. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka wa 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Siti skani humkata mgonjwa vipande kama mkate, ila kisu chake ni miale na hesabu. Kila sehemu ndogo ya mwili hupewa namba. Maji ni 0, hewa ni 1,000 chini ya sifuri, mafuta ni karibu 100 chini ya sifuri, na mfupa mgumu hufika 1,000 juu ya sifuri au kupita. Ubongo una namba kama 35, na damu mbichi iliyovuja ni kama 60 au 70.

Msidharau tofauti hiyo ndogo. Fikirini wazee wawili wanaoletwa hospitalini siku moja. Wote wamepooza mkono na mguu wa kulia, wote hawawezi kusema. Ukiwatazama kwa macho huwezi kuwatenganisha. Mmoja mshipa wake wa ubongo umezibwa na bonge la damu. Mwingine mshipa wake umepasuka na damu inavuja. Wa kwanza aweza kusaidiwa kwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, akipewa mapema. Wa pili akipewa dawa hiyo aweza kufa. Kinachowatenganisha ni doa jeupe katika picha, namba 65 mahali pa 35, na mtu anayejua maana yake saa ile ile. Kadhalika kijana aliyeanguka na pikipiki barabarani Kigali, akaamka akasema hana neno, huku damu inakusanyika polepole chini ya fuvu la kichwa.

4. Emarai

Hii nitaipita upesi. Mwili wetu umejaa maji, na kila chembe ya maji ina haidrojeni. Kiini cha haidrojeni hufanya kama sumaku ndogo mno. Mashine ya emarai ina sumaku kubwa. Ile yenye nguvu ya tesla 1.5 hushinda nguvu ya sumaku ya dunia karibu mara 30,000. Viini hujipanga, husukumwa kwa mawimbi ya redio, kisha vikirudi mahali pake hutoa ishara ambazo hugeuzwa picha. Hakuna miale ya eksirei. Ni bora kwa ubongo, uti wa mgongo na magoti. Hatari yake ni chuma: mkasi ukiletwa karibu waweza kuruka kama mshale. Kwa hiyo mgonjwa huulizwa sana kama ana chuma mwilini, na yafaa ajibu kweli.

5. Kutibu kwa kuongozwa na picha

Kwa miaka mingi daktari wa picha alikuwa mtu wa kutazama na kuandika. Kazi ya kutibu ilikuwa ya wengine. Mambo yalibadilika kwa hatua mbili.

Hatua ya kwanza ilitoka Sweden. Mwaka wa 1953 Sven-Ivar Seldinger alieleza njia ya kuingia katika mshipa wa damu bila kupasua. Unachoma mshipa kwa sindano yenye tundu. Unapitisha waya laini ndani ya sindano. Unaitoa sindano, waya unabaki. Kisha unauvika waya mrija mwembamba, uitwao katheta, ukaingia mshipani, na mwisho waya unatolewa. Ni jambo jepesi hata mtoto aweza kulielewa, lakini lilifungua njia katika mwili mzima.

Hatua ya pili ilikuwa ya Charles Dotter, katika mji wa Portland, Marekani. Tarehe 16 Januari 1964 aliletewa mwanamke mzee wa miaka 82 ambaye vidole vya mguu wake vilikuwa vimeanza kuoza kwa kukosa damu. Madaktari walitaka kuukata mguu, naye alikataa. Dotter alipitisha mirija katika mshipa wa paja, ule mwembamba kwanza kisha mnene zaidi, akautanua mahali ulipobana. Mguu ulipata joto, kidonda kikapona, na mama yule alitembea kwa miguu yake mwenyewe mpaka alipofariki zaidi ya miaka miwili baadaye.

Toka hapo kazi imeenea. Nitataja tatu zinazotuhusu sana huku kwetu.

Ya kwanza ni usaha katika ini. Zamani tumbo lilipasuliwa. Sasa daktari hutazama kwa ultrasaundi, huingiza sindano penye usaha, na kuacha mrija mdogo wa kuutoa.

Ya pili ni figo zilizozibwa. Kansa ya shingo ya kizazi ikikua huibana mirija inayoteremsha mkojo. Mkojo hurudi nyuma, figo zikavimba na kufa, na mgonjwa hufa kwa sumu ya mwili wake mwenyewe kabla hata kansa haijatibiwa. Sindano moja kupitia mgongoni, ikiongozwa na picha, yaweza kuufungulia mkojo njia na kumpatia mama nafasi ya kuanza matibabu.

Ya tatu ni mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua. Rwanda inajulikana duniani kwa kuwa tangu Oktoba 2016 ndege ndogo zisizo na rubani hupeleka damu katika hospitali za mashambani, zikiruka kutoka Muhanga. Hilo ni jambo jema kabisa. Lakini pipa lenye tundu halijai kwa kumiminiwa maji. Yapasa tundu lizibwe. Dawa ikishindwa, desturi ni kupasua, na mara nyingine kuutoa mji wa uzazi. Mwenye ujuzi wa katheta aweza kuingia kwa mshipa wa paja au wa mkono, akafuata njia katika kioo cha eksirei mpaka mshipa unaovuja, akauziba kwa vipande vidogo vya kitu kama sifongo. Damu hukoma, na mama hubaki na uzazi wake.

Katika Afrika Mashariki kazi hii ni changa bado. Mfano mzuri twaupata Dar es Salaam, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Tangu mwaka wa 2018 walimu kutoka Marekani, wakianzia Chuo Kikuu cha Yale, wamekuwa wakija kwa zamu kufundisha madaktari wa Tanzania, na chuo kikuu cha hapo kikaweka mafunzo ya shahada. Hawakuja kutibu na kuondoka; walikuja kuacha ujuzi. Kwetu Kigali nako, Oktoba 2023, kilifunguliwa huko Masaka chuo cha IRCAD Afrika, ambapo madaktari wa upasuaji hufundishwa kufanya kazi kupitia matundu madogo wakitazama kioo. Ni ndugu wa kazi hii.

6. Haja yetu

Mgonjwa wa Rwanda huanzia kituo cha afya, akashindwa huko hupelekwa hospitali ya wilaya, na baadaye hospitali ya rufani. Hospitali ya wilaya hutumia eksirei na ultrasaundi. Kwa siti skani na emarai, wengi hupelekwa hospitali kubwa, na hapa Kigali kubwa ni CHUK, King Faisal, na ile ya Kijeshi ya Kanombe. Atokaye Rusizi husafiri zaidi ya kilometa 200 za milima.

Mashine yaweza kununuliwa kwa mwaka mmoja. Daktari wa kusoma picha hupatikana baada ya miaka mingi: kwanza masomo ya udaktari, kisha kutumika, kisha miaka kadhaa ya picha peke yake. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka wa 1994 yaliiacha nchi bila madaktari wengi na bila walimu wengi. Mwaka wa 1996 ilianzishwa shule kuu ya afya ya Kigali, iliyojulikana kwa jina la KHI, ambayo mwaka wa 2013 iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Wapiga picha wengi wa hospitali zetu wametoka katika mlango huo. Hata hivyo sensa ya mwaka wa 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13, na madaktari wa kusoma picha ni wachache mno kwa watu hao. Picha ya mzee aliyepooza ikikaa mezani saa sita ikingoja msomaji, haina tofauti na picha ambayo haikupigwa.

Sasa mnaona kwa nini nasema chuma hakisemi. Mnapoona mashine mpya inazinduliwa, furahini, lakini ulizeni pia: nani ataisoma usiku wa manane? Jibu la swali hilo limekaa katika madawati yenu.

7. Mambo ya kukumbuka

Wagonjwa wengi huniuliza kama miale ya eksirei hubaki mwilini. Haibaki. Mashine ikizimwa, miale imekwisha, kama nuru ya taa inavyokwisha. Lakini inapopita yaweza kudhuru chembe za mwili kidogo, kwa hiyo haipigwi ovyo. Picha moja ya kifua ni kiasi cha milisivati 0.1. Ardhi, hewa na anga hutupa kila mwaka kama 2.4. Siti skani ya tumbo yaweza kufika 8. Basi msimlazimishe daktari awapige picha asiyoiona haja yake. Na akiiona haja, msiikimbie. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwanamke mwenye mimba, au anayedhani anayo, aseme kabla ya kupigwa picha. Anayepewa dawa ya iodini mshipani aseme kama figo zake ni mbovu, au kama dawa hiyo imepata kumdhuru. Picha za zamani zitunzwe, maana doa lililokuwapo miaka mitano bila kukua si sawa na doa la jana.

Na sisi tufanyao kazi hii hujikinga kwa mambo matatu: muda mfupi, umbali, na vazi la risasi. Umbali una kanuni mnayoijua: ukizidisha umbali mara mbili, miale hupungua mara nne.

Maswali

1. Mwangwi wa ultrasaundi umerudi baada ya sehemu 65 za milioni ya sekunde. Kitu ki umbali gani chini ya ngozi?

2. Mtu amesimama mita 1 kutoka penye miale. Akirudi nyuma mpaka mita 3, atapata sehemu gani ya miale aliyokuwa akipata?

3. Picha moja ya kifua ni sawa na siku ngapi za miale tunayopata kwa ardhi, hewa na anga?

4. Kwa nini iodini, ambayo namba yake ya atomu ni 53, hufanya mishipa ya damu ionekane katika eksirei?

5. Eleza kwa maneno yako kwa nini wale wazee wawili waliopooza hawawezi kupewa dawa moja.